Mji wa Uchapishaji na Mwaka wa Mshairi: Uhakiki wa Kanuni Mpya za Marejeo

Makala haya yanakusudia kuhakiki jambo ambalo wengi wetu huliona kuwa ni kazi ya wasoma prufu tu, yaani kubadilika kwa kanuni za kuonyesha marejeo katika maandishi ya kitaaluma. Mwandishi aliyezoea tanbihi chini ya ukurasa alilazimika kujifunza upya mwaka 1984, pale MLA, chama cha Marekani cha wataalamu wa lugha na fasihi, kilipoyahamishia marejeo katika mabano ndani ya matini. Hilo lilivumilika, kwani aliyeacha tanbihi hakupoteza habari yoyote. Mabadiliko ya karibuni ni ya namna nyingine. Toleo la nane la mwongozo wa MLA (2016) liliacha kudai mji wa uchapishaji kwa vitabu vingi. Mwaka 2019 APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, kiliuondoa katika toleo lake la saba. Na mwaka 2024 mwongozo wa Chicago ukatamka kwamba mji si lazima tena.

Hoja yao inaeleweka. Kampuni kubwa zina ofisi katika miji mingi, na msomaji wa leo hutafuta kitabu kwa jina lake na la mchapishaji. Kwa saikolojia hoja hiyo yatosha. Kwa fasihi ya Kiswahili haitoshi hata kidogo.

Tuchukue Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Mashairi yale yalitungwa gerezani nchini Kenya, ambako mshairi alifungwa kwa sababu za kisiasa tangu 1969 hadi 1972, na diwani ikachapishwa na Oxford University Press mwaka 1973. Kwa kanuni mpya rejeo linakomea hapo, na mwanafunzi asiyejua atadhani kwamba sauti ya mfungwa ilibidi ivuke bahari ndipo isikike. Kumbe kitabu kilitoka Nairobi, katika mji mkuu wa serikali ileile iliyomfunga, mwaka mmoja tu baada ya kufunguliwa kwake. Neno hilo moja, Nairobi, ni ushahidi juu ya uhusiano wa fasihi na dola ambao mhakiki hawezi kuutupa ili kupunguza herufi chache.

Muyaka bin Haji ana shida iliyo kubwa zaidi. Mshairi huyu wa Mombasa alifariki yapata 1840, na diwani yake, iliyohaririwa na William Hichens, ilichapishwa na Witwatersrand University Press, Johannesburg, mwaka 1940. Mtindo wa mwandishi na mwaka unatutaka tuandike (Muyaka, 1940), kana kwamba marehemu alitunga miaka mia baada ya kuzikwa. APA wanayo njia ya kutaja miaka miwili, lakini wameikusudia kwa kazi iliyokwisha kuchapwa zamani ikachapwa tena, hali tungo za Muyaka zilidumu vifuani mwa watu na katika miswada ya hati za Kiarabu. Asili ya mtindo wenyewe yatufumbulia jambo. Mara nyingi unanasibishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala juu ya mayai ya koa. Kwa mchunguzi wa koa mwaka wa kuchapwa ndio mwaka wa ugunduzi. Kwa mshairi wa mwambao mwaka huo aghalabu ni wa mhariri.

Majina nayo yamo mashakani, ingawa hilo si jipya. Tuandikapo "Robert, S." tunamweka mbele baba yake Shaaban, na mwana tunambakishia herufi moja.

Kwa hiyo yafaa majarida yetu ya lugha yaendelee kuutaja mji katika kila rejeo la kitabu. MLA wenyewe wameacha mlango wazi, maana wanaruhusu mji utajwe pale unapokuwa na maana kwa msomaji. Ama kwa tungo za kale, zama za mtunzi zielezwe ndani ya sentensi, na mabano aachiwe mhariri: Muyaka, wa mwanzo wa karne ya 19 (Hichens, 1940). Na katika orodha ya marejeo Johannesburg ibaki, ili atakayeuliza kwa nini mshairi wa Mombasa alichapwa huko awe na pa kuanzia.