Matairi ya Haisi Kuukuu baina ya Masasi na Newala

Haisi kuukuu ipandayo kutoka Masasi, mji uliozungukwa na milima ya mawe, hata Newala kwenye ukingo wa uwanda wa Wamakonde, aghalabu hubeba abiria pamoja na korosho zao, na uzito wote huo huishia katika vipande vinne vya mpira vigusavyo ardhi, kila kimoja si kikubwa kuliko kiganja kilichokunjuliwa.

Haisi niliyoichunguza, mbele ilikuwa na matairi ya 195R15C yenye umri wa miaka minne, na nyuma jozi iliyonunuliwa mitumba, yenye kashata nene ambazo mwenye gari alizisifu sana. Mimi na fundi tuliinama tukasugua matope ubavuni, pakasomeka 195/65R15 91. Rimu ilikuwa imelikubali tairi, lakini ile 91 maana yake ni kilo 615, ilhali 195R15C ya 106/104 huchukua kilo 950 likikaa peke yake kila upande. Hivyo mhimili wa nyuma ulikuwa na dhamana ya kilo 1230 badala ya 1900, yaani umepungukiwa uzito wa abiria tisa na mizigo yao ya mkononi. Herufi C ndiyo ya gari la mizigo. Isipokuwapo, unene wa kashata haufidii kitu.

Mwisho wa alama ya DOT palikuwa na 3213, juma la 32 la mwaka 2013. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilipoacha kuzalisha, matairi yetu huja kwa meli, na mengine yamekwisha kuzeekea ugenini. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisipite miaka kumi hata likionekana zima, na hili, fundi alipolibonyeza kwa kidole gumba baina ya kashata, lilifunua nyufa nyembamba mithili ya nywele.

Mchangani madereva hupunguza upepo ili tairi litandae lisizame, na hilo ni jambo la busara. Hatari ni kufika kwenye lami bila kuurudisha, kwani ubavu hupindana na kunyooka katika kila mzunguko, na joto lizaliwalo huachanisha mpira na nyuzi za chuma. Kwa hiyo pampu na geji haziachwi nyumbani. Tena upepo hupimwa alfajiri, tairi likiwa baridi; aupunguzaye mchana kwa kudhani umezidi huondoka kesho yake na upungufu. Kashata zikilika kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Zikilika katikati, umezidi. Zikilika upande mmoja, itazamwe alaimenti. Zikiliwa kwa mabonde, shokapu zimechoka.

Malipo ya korosho za mwenye gari hayakuwa yamefika, akanunua jozi moja tu ya 195R15C. Wengi wangeifunga mbele, kwa hofu ya tairi la usukani kupasuka. Mimi nilishikilia ifungwe nyuma, madhali ya mbele yalikuwa mazima: magurudumu ya nyuma ndiyo yasukumayo na ndiyo yabebayo shehena, na nyuma ya gari ikiponyoka katika utelezi wa masika, usukani hauokoi tena. Fundi akakubali, akazikaza nati kwa kukingamana, na baada ya safari ya kwanza ya Newala akazikaza tena.