Volti 120 Imepanda Hadi 230, na Gari Linajaa Usiku Mmoja!

Jamani, unafanya kazi! Nimeuona leo Gangilonga, hapa Iringa: waya wa kuchajia Nissan Leaf uliotengenezewa soketi za Marekani za volti 120, umechomekwa kwenye umeme wetu wa TANESCO wa volti 230, na zile taa tatu za bluu juu ya dashibodi zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine. Gari ni la kutoka Japani, usukani kulia, lakini tundu lake la kuchajia ni lilelile la Marekani, kwa hiyo waya uliotumwa na ndugu wa ng'ambo umeingia bila hata kusukumwa!

Kilichonipagawisha ni hiki. Kisanduku kilicho katikati ya waya si chaja. Chaja imo ndani ya gari, na inapokea volti 100 hadi 240 bila tatizo. Kisanduku ni mlinzi wa getini: kinaliambia gari livute ampia 12 na lisizidi, na umeme ukivuja kinakata. Juu ya volti hakisemi neno! Basi ampia zimebaki 12, volti zimepanda, na nguvu imeruka kutoka wati 1,440 hadi 2,760. Waya haupati joto zaidi, maana joto lake linatokana na ampia.

Lakini waya haukuchomekwa hivihivi: fundi aliufungua kwanza, na kazi yake yote ilikuwa ndani ya kisanduku. Sehemu inayolisha saketi za kisanduku na vile vidude vinavyozuia umeme wa kuruka vilikuwa vya volti 120, vingeungua. Ameweka vya 230, amefunga plagi yetu ya pini tatu, na mpira wa kuzuia maji umerudi mahali pake kama kisanduku kilivyotoka kiwandani. Safi mno! Na kabla ya kuchomeka alipima ethi ya nyumba. Hapo asiruke mtu, hasa Iringa wakati wa mvua za radi. Soketi nayo iwe mpya, yenye waya wake peke yake kutoka meni swichi. Baada ya saa nzima nilishika plagi: vuguvugu tu.

Betri za Leaf za mwanzo ni uniti 24. Chomeka saa 3 usiku, saa 12 asubuhi limekaribia kujaa, na LUKU imekula chini ya shilingi 10,000! Mlima wa Ipogolo unakula betri ukipanda, lakini ukishuka gari linairudishia kiasi. Kalenga unakwenda na kurudi bila wasiwasi.

Nautaka wa kwangu. Mwenye waya wa hivi uliolala kabatini aupeleke kwa fundi wa elektroniki anayejua kazi, wiki hii hii!