HURIA SI BURE: MAONI JUU YA ISTILAHI YA NYENZO ZA KUJIFUNZIA

Istilahi ikikosewa mwanzoni, kosa lake haliishii katika kamusi, bali huingia hata katika matendo ya watu. Makala haya yanakusudia kuchunguza kosa la namna hiyo katika uwanja mpya wa elimu, yaani ule wa masomo, vitabu na hadithi zinazotungwa kwa ushirikiano katika intaneti, ili kila mtu azitumie, azisahihishe na kuzitafsiri.

Dhana yenyewe ilipewa jina katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Paris mwaka 2002. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa shirika hilo ulipitisha pendekezo linaloziruhusu nyenzo hizo mambo matano: kupatikana bila gharama, kutumiwa tena, kugeuzwa kwa kusudi jingine, kurekebishwa na kusambazwa. Yafaa msomaji atambue kwamba suala la gharama ni moja tu kati ya hayo matano. Hata hivyo, katika Kiswahili yako maneno manne yanayogombania nafasi hiyo moja. Tuyapime.

(i) Bure. Neno hili lina kasoro mbili. Kwanza, lina maana ya kukosa faida: maneno ya bure, kujisumbua bure. Kitu kikiitwa cha bure, thamani yake imekwisha kutiliwa shaka. Pili, na hili ndilo kubwa, halisemi kweli yote. Makala za Wikipedia hutolewa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzichapa kitabu na kukiuza, mradi awataje waandishi na kuitoa kazi yake kwa masharti yale yale. Kitabu hicho si cha bure, lakini maandishi yake yangali huria. Kinyume chake, kijitabu kinachogawiwa bila malipo, huku kimepigwa chapa ya haki zote kuhifadhiwa, ni cha bure bila ya kuwa huria.

(ii) Wazi. Neno hili ni zuri kwa kiasi. Lakini mlango ulio wazi humruhusu mgeni kuingia. Haumruhusu kuhamisha viti. Nyenzo tunazozisema humruhusu hata kuijenga nyumba upya.

(iii) Huru. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, hujiita "kamusi elezo huru". Waandishi wake wanaojitolea wanastahili shukrani za wapenzi wote wa Kiswahili. Pamoja na hayo, huru ni sifa ya mwenye kujitawala: mtu huru, nchi huru. Jina hilo latuambia kwamba kamusi hiyo haina bwana. Halituambii msomaji ana haki gani juu yake.

(iv) Huria. Neno hili lina asili moja na huru, lakini matumizi yamelipa njia yake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, hakikuitwa hivyo kwa sababu kinajitawala, bali kwa sababu mwanafunzi hukifikia kutoka mahali alipo. Huria, basi, hutaja nafasi anayopewa mtumiaji, na hiyo ndiyo dhana tunayoitafuta.

Wako watakaosema kwamba huria lanukia holela, hasa baada ya soko huria kuzoeleka. Hoja hiyo haina nguvu. Leseni hizi zina masharti, na wa kwanza kulindwa nayo ni mwandishi, ambaye lazima atajwe. Huria yenye masharti si holela.

Je, haya ni mabishano ya maneno tu? La, hasha. Mwalimu anayeambiwa kwamba hadithi fulani ni ya bure ataisoma, atashukuru, na kuiacha katika lugha ya kigeni kama alivyoikuta. Akiambiwa kwamba ni huria, atajua ana ruhusa ya kuitafsiri, kubadili majina ya wahusika na kuwachapia wanafunzi wake. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umejengwa juu ya ruhusa hiyo hiyo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zilizofaidika. Lugha yenye upungufu wa vitabu haina budi kuijua ruhusa hii kwa jina lake halisi.

Kwa hiyo twapendekeza nyenzo huria za kujifunzia kwa dhana nzima, na leseni huria kwa hati inayotoa ruhusa. Jukwaa, kwa maana ya mahali pa mtandaoni pa kufanyia kazi hiyo, tuliache lilivyo. Kweli, jukwaani husema mmoja na wengine husikiliza, hali huku wote husema. Lakini wananchi wamekwisha kulikubali. Neno bure libaki kwa maana yake: lisilolipiwa.

Wasomaji wenye hoja tofauti wanakaribishwa kuzitoa, ili istilahi hizi zisanifiwe mapema, kabla kosa halijawa mazoea.