Kung'oa migomba yote: shauri la nani?

Wenzangu wa agronomia, tusirudie tu silabusi. Tangu mnyauko wa migomba uonekane Masisi mwaka 2001, mkulima wa Kivu anaambiwa: mgomba mmoja ukiugua, ng'oa shina zima na watoto wake. Ni kweli inasafisha shamba. Lakini mama mwenye kashamba kadogo atakula nini? Njo maana wengi hawafuati.

Bakteria haifiki kila mara kwenye shina lote. Kwa hiyo kata mapema, chini kabisa, ule tu unaougua. Pitisha panga kwenye moto. Mkungu ukimaliza kutoa, vunja ua lake kwa kijiti chenye panda, juu wadudu wanapitia pale. Inaomba kuzunguka shamba kila wiki, lakini ndizi zinabaki. Hiyo njo tuwapelekee wakulima.