Teroldego ya Hombolo katika Meza ya Goma

Ipo kanuni iliyozoeleka mno katika hoteli na mikahawa ya mji wetu wa Goma, kwamba divai nyekundu huandamana na nyama, na divai nyeupe huandamana na samaki. Na kwa kuwa kanuni hiyo ni fupi na nyepesi kukumbukwa, aghalabu watu huifuata pasipo kuuliza imesimama juu ya msingi gani. Baada ya kuionja kwa makini divai nyekundu ya zabibu zenye asili ya Italia pamoja na vyakula tunavyovila hapa, nimeona kwamba yapasayo kutiwa katika mizani ni mambo manne, yaani uchachu, ukakasi, chumvi na mafuta. Na mwenye kuyafahamu hayo ataandaa meza ya kupendeza hata kama rangi ya divai yake haikubaliani na desturi.

Divai yenyewe ni Teroldego. Zabibu hii ni mzaliwa wa uwanda wa Rotaliano katika jimbo la Trentino, kaskazini ya Italia, chini ya milima ya Alpi, ambako jina lake limelindwa kwa sheria tangu mwaka 1971. Leo hulimwa pia Hombolo, karibu na Dodoma, katika nchi ya Tanzania, ambako wamisionari wa Kiitalia walitangulia kupanda mizabibu katika karne iliyopita. Huko Trentino mzabibu hulala wakati wa baridi na huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza, basi mkulima huupogoa kwa majira aliyoyapanga mwenyewe, naye huvuna mara mbili. Jua la Dodoma huijaza zabibu sukari na kuipunguzia uchachu, na hapo ndipo inapodhihiri hekima ya kuchagua Teroldego, kwa sababu uchachu wake wa asili ni mwingi, hata ukipunguzwa na jua husalia wa kutosha kuipa divai uhai.

Kabla ya kuonja, jambo la kwanza kuangaliwa ni joto. Vitabu vya Ulaya vimeusia kwamba divai nyekundu inywewe katika joto la chumba, lakini chumba kilichokusudiwa ni kile cha nyumba za mawe za zamani, chenye digrii 16 hadi 18. Goma imekaa kando ya Ziwa Kivu, katika kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, na usiku wake una ubaridi. Hata hivyo chupa iliyoshinda kabatini jirani na jiko huwa imekwisha kupita kipimo hicho ifikapo alasiri, na katika joto kama hilo kileo hutangulia puani kikaifunika harufu ya tunda. Kwa hiyo chupa ilitiwa katika ndoo ya maji baridi kwa muda wa dakika 20, ndipo ikazibuliwa, na bilauri zikajazwa theluthi tu, ili harufu ipate nafasi ya kukusanyika.

Rangi yake ilikuwa nzito, nyekundu iliyokaribia weusi, na ukingoni mwa bilauri ilionekana urujuani, ambayo ni dalili ya divai changa. Harufu yake kabla ya kutikiswa ilikuwa hafifu. Ilipozungushwa polepole ikafunguka, ikaleta tunda jeusi lililoiva, mithili ya zambarau zilizookotwa chini ya mti wake. Kinywani uchachu ndio uliotangulia, mate yakatiririka pande zote mbili za ulimi; kisha ukaja ukakasi mwepesi juu ya fizi, na mwishoni ukasalia uchungu mwembamba kama wa lozi. Ukakasi huo huletwa na tanini zitokazo katika maganda na kokwa za zabibu, ambazo hushikamana na protini za mate na kuyaondolea utelezi wake. Teroldego ina rangi nyingi na tanini chache, na tabia hiyo moja ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata mezani.

Chakula cha kwanza kilikuwa jibini la Masisi, litengenezwalo katika milima ya magharibi ya mji wetu kwa maziwa ya ng'ombe, kwa namna ya Gouda ya Uholanzi, na ambalo wasafiri hulichukua hadi Kinshasa kuwa zawadi. Kipande chembamba kilitafunwa hata mafuta yake yakatandaa ulimini, ndipo funda la divai likafuata. Protini za maziwa zilizipokea tanini kabla hazijayafikia mate, chumvi ikautuliza ule uchungu wa lozi, na uchachu ukayafagia mafuta, kinywa kikawa tayari kwa kipande kingine. Jibini changa, lenye maji mengi na chumvi haba, lilizidiwa nguvu na divai. Lililokomaa, gumu na lenye chumvi, lilisimama nayo sawasawa.

Kisha ikaletwa mishikaki ya mbuzi, iliyochomwa juu ya makala na kunyunyiziwa chumvi mwishoni. Nyama ya mbuzi haina mafuta mengi, na kwa sababu hiyo divai yenye tanini nzito, kama ile ya zabibu ya Aglianico ya kusini ya Italia, ingeukausha mdomo. Teroldego ilipita kwa upole, na moshi wa makala ukalikuza tunda lake.

Sambaza ndio waliokuwa mtihani, kwa maana kanuni ya hoteli imewaharimisha mbele ya divai nyekundu. Samaki hawa wadogo, waliotolewa Ziwa Tanganyika wakatiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Mwaka 2009 wataalamu wa Japani walibainisha kwamba madini ya chuma yaliyomo katika divai ndiyo yachocheayo ile ladha mbaya ya samaki kinywani. Nasi tuliona kwamba sambaza waliotoka sasa hivi katika mafuta, wakavu, wenye chumvi na ndimu, walipatana na divai kwa amani. Walipopoa, ladha ya chuma ikazuka.

Vyakula viwili vilikataa katakata. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliuongeza uchungu wake juu ya uchungu wa divai, wala mawese hayakusaidia. Na pilipili iliwashwa zaidi na kileo, hata tunda la divai likapotea lote.

Hukumu yangu ni hii: jibini la Masisi lililokomaa ndilo la kwanza, mbuzi wa makala wa pili, na sambaza wa moto wa tatu kwa sharti la kuliwa upesi. Nawasihi wenye mikahawa ya Goma waipoze divai nyekundu kidogo kabla ya kuiandaa, wakate jibini la milima yetu badala ya kulitafuta la ng'ambo, na pilipili waiweke katika kisahani chake pembeni, ili kila mlaji ajichagulie mwenyewe.