Sikio Kwanza, Vidole Baadaye

Mwalimu wa piano wa Kolwezi anayemketisha mwanafunzi asikilize kabla hajagusa kinanda anastahili pongezi za dhati. Tena anafuata desturi ya mkoa wake mwenyewe, Lualaba.

Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya, katika Lualaba ya leo, mwaka 1930. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, na kipande kimoja, "Masanga", kikasambaa kwa santuri hadi Afrika Mashariki. Vijana wa Kenya walikishika kwa sikio tu, bila karatasi ya nota. Kazi ngumu! Kidole gumba kinapiga besi, cha shahada kinaimbisha nyuzi za juu, na mapigo ya vidole hivyo hayagongani hata pale yanapopishana. Mwingereza John Low alivutwa na ufundi huo hadi akafunga safari kwenda kujifunza kwa wapigaji wenyewe huko Shaba, kama mkoa wa Katanga, uliojumuisha Lualaba, ulivyoitwa wakati huo. Shajara yake ilichapishwa mwaka 1982.

Mwanafunzi aliyezoea kutenganisha sauti mbili za "Masanga" hatapotea akiwekewa Bach. Invensheni zake 15, yaani vipande vifupi vya sauti mbili, alizozinakili upya mwaka 1723, ziliandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, kila mkono ukiwa na wimbo wake. Mwalimu hodari humwambia aimbe kwanza sauti ya mkono wa kushoto, ile ambayo wengi huisahau, kisha arudie kusikiliza. Piano inafunguliwa baada ya hapo.