Alfajiri ya Mumbai ni ya Nani? Kumsoma Arun Kolatkar

Vijana wenzangu wa kalamu, tuambizane ukweli: neno alfajiri limechoka. Kila mswada wa safari unaofika mezani kwangu una alfajiri yake, na kila alfajiri ina ukungu, jua linachungulia, jogoo wanapokezana, mji unajinyoosha. Safari yenyewe ikiwa ya India ndiyo balaa. Hapo utaongezewa ubani, kengele za hekalu, mzee mwenye ndevu nyeupe anayetazama maji, na msimulizi ambaye ghafla moyo wake umetulia. Sokoni kelele, hekaluni amani. Basi, kurasa nne zimejaa. Lakini umalizapo kusoma hujui nani alibeba nini, aliuza kwa bei gani, na jana alilala saa ngapi.

Nataka kumleta hapa kijiweni mtu mmoja aliyeikataa alfajiri ya namna hiyo. Arun Kolatkar alizaliwa Kolhapur, akaishi na kufanya kazi Bombay, mji ambao tangu 1995 unaitwa rasmi Mumbai. Mkate wake aliupata katika kampuni za matangazo, akichora na kubuni. Mashairi aliyaandika kwa Kimarathi na kwa Kiingereza. Kitabu chake cha Kiingereza kilichompa jina, Jejuri, kilitoka 1976 na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Ushairi ya Jumuiya ya Madola. Baada ya hapo hakutoa kitabu kingine cha Kiingereza mpaka 2004, mwaka aliofariki, zilipotoka Kala Ghoda Poems na Sarpa Satra. Hebu fikiria: mtu anapewa tuzo, anarudi zake kwenye kiti chake mkahawani na kukaa miaka ishirini na zaidi bila kukimbilia kiwanda cha uchapaji. Sisi wengine tukichapwa shairi moja tunaanza kuomba tuitwe malenga.

Vitabu hivyo viwili, Jejuri na Kala Ghoda Poems, nilivisoma Mumbai kwenyewe. Nilikaa huko wiki tatu nikimuuguza mjomba aliyekwenda kutibiwa, na mwenye mgonjwa usingizi wake si usingizi. Saa kumi nilikuwa macho. Badala ya kuhesabu mapangaboi nikawa natoka, na baada ya siku mbili tatu nikajua nielekee wapi: Dadar, kwenye soko la maua.

Ukishuka stesheni ya Dadar upande wa magharibi, huhitaji kuuliza njia. Harufu itakuongoza kabla ya macho. Kando ya daraja la barabara na chini yake wamejipanga wauzaji na malundo yao: maua ya rangi ya chungwa yanayoitwa zendu kwa Kimarathi, yamemwagwa kama mtu amwagavyo machungwa Kariakoo, asumini katika vitambaa vibichi, majani ya mwembe ya kutungwa juu ya milango. Hamali anapita na furushi kichwani linalomzidi kimo, anapiga kelele upishe, na usipopisha utapishwa. Hapo hapana mtu anayenusa ua. Ua linapimwa kwa kilo. Mnunuzi anaingiza mkono mpaka chini kabisa ya lundo, maana juu huwekwa yaliyofunguka vizuri na chini ndiko yanakoozea yale ya jana.

Sasa tazama soko hilo linavyoendeshwa. Jumanne ni siku ya Ganesh, yule mungu mwenye kichwa cha tembo, na watu hupanga foleni ndefu kwenye hekalu la Siddhivinayak, si mbali na Dadar. Ganesh hupewa majani membamba yaitwayo durva na maua mekundu. Jumatatu ni ya Shiva, naye hupelekewa majani ya mti wa bel. Ikifika sikukuu ya Dasara, zendu hutakiwa na kila nyumba, kila duka, hata dereva wa teksi anaivisha gari yake shada. Yaani kalenda ya hekalu ndiyo kalenda ya soko. Mama aliyekaa juu ya gunia akitunga maua kwa uzi, vidole vyake vikienda bila yeye kuvitazama, anaijua ibada ya wiki nzima kwa njia ya bei. Ua lile lile lililopimwa kwa kilo kiza kikiwa bado hakijatoka, jua likichomoza limeshakuwa shada, baada ya saa moja liko shingoni mwa mungu, na mchana limeshaondolewa. Na hapo nalo lina jina lake, nirmalya, wala waumini hawapendi litupwe pamoja na maganda ya ndizi.

Kwa hiyo anayeniandikia kwamba sokoni kuna kelele na hekaluni kuna amani, ameukata uzi mmoja vipande viwili. Soko na hekalu la Mumbai alfajiri ni kazi moja yenye zamu mbili. Tangu nilipoliona hilo, nimekuwa nikilitumia kama kipimo cha kila ukurasa unaodai kuieleza alfajiri ya mji wa Kihindi. Nikamgeukia Kolatkar na kipimo hicho hicho.

Jejuri si mji mkubwa. Ni mji mdogo wa mahujaji katika wilaya ya Pune, wenye hekalu la mungu Khandoba juu ya kilima, ambako waumini hurushiana manjano ya unga mpaka ngazi zinageuka rangi. Lakini msimulizi wa Kolatkar anafika huko na akili ya mtu wa mjini, na anafika kwa basi, alfajiri. Shairi la kwanza linahusu basi hilo. Hakuna ukungu wala ndege. Madirisha yamefungwa kwa turubai, linapigapiga kwa upepo. Abiria anatafuta dalili ya kucha na anachokiona ni uso wake mwenyewe, mara mbili, katika miwani ya mzee aliyekaa mbele yake. Huu ndio ufundi! Msafiri amekwenda kumtazama muumini, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni sura yake yeye mtazamaji. Wangapi kati yetu tunathubutu kuanza hivyo?

Kisha anakuja kuhani. Kwa mwandishi wa kadi za posta kuhani angekuwa anaomba. Wa Kolatkar amekaa kwenye ukingo wa kalvati akilingojea basi lichelewalo, anawaza litaleta mahujaji wa namna gani na kama leo sahani yake itapata kitu kitamu. Ni mchuuzi aliyetandika biashara yake akisubiri wateja, kama yule mama wa Dadar. Mbele kidogo kuna mlango unaodhaniwa ni wa hekalu, kumbe zizi la ng'ombe. Kuna hekalu lililoanguka ambamo mbwa amezalia watoto wake. Walikuwapo waliosema Kolatkar anaidhihaki dini. Sikubaliani nao. Mwenye kudhihaki huwa ameshajua jibu, na huyu hajajua. Anagusa jiwe, anajiuliza kama ni jiwe au ni mungu, kisha anaacha swali pale pale kwenye kilima na kushuka. Nimeona malenga wetu wengi wakishindwa hapo. Shairi la dini kwetu ama ni wa'dhi ama ni matusi, katikati hapakaliki.

Kala Ghoda Poems ndicho kitabu cha mji. Kala Ghoda maana yake farasi mweusi, nalo ni jina la eneo la kusini mwa Mumbai ambako lilisimama sanamu la mwana wa mfalme wa Kiingereza, aliyekuja kuwa Edward wa Saba, akiwa juu ya farasi. Sanamu liliondolewa mwaka 1965, jina likabaki. (Mwaka 2017 wakaweka farasi mwingine, safari hii hana mtu mgongoni. Siasa nzima ya ukoloni ndani ya tandiko tupu!) Kolatkar alikuwa akikaa katika mkahawa mmoja pale, Wayside Inn, akitazama njia panda. Kitabu kizima kimetoka katika njia panda hiyo.

Anayetufungulia asubuhi ni mbwa koko aliyelala kwenye kisiwa cha katikati ya barabara, saa ile mji haujaanza kunguruma na yeye bado ndiye mwenye mji. Mbwa huyo anajigamba kwa nasaba. Upande wa baba anadai kutokana na yule mbwa wa Mahabharata aliyemfuata Yudhishthira katika safari yake ya mwisho. Upande wa mama, eti ni kizazi cha mbwa pekee aliyenusurika katika shehena ya mbwa thelathini wa kuwindia ambao Sir Bartle Frere aliagiza kutoka Uingereza mwaka 1864, akiwa gavana wa Bombay.

Msomaji wa Mombasa ameshaanza kutabasamu. Ndiyo, Frere ni huyo huyo! Ndiye aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa, na ndiye aliyeachia jina lake kule Kisauni, Freretown, kijiji walichojengewa watumwa walioachwa huru, ambako mpaka leo panaitwa Kengeleni kwa ajili ya kengele yao. Baadhi ya wakazi wa mwanzo wa Freretown walikuwa Waafrika waliolelewa na kusomeshwa karibu na Nashik, wakaitwa "Waafrika wa Bombay". Mbwa wa Kolatkar hayataji haya, wala si kazi yake. Lakini mimi nikisoma nasaba ile nilicheka peke yangu kwenye benchi la hospitali: mbwa koko wa Mumbai na mtaa wa Mombasa wana bwana mmoja katika historia. Ucheshi wa shairi unafanya kazi kwa sababu kila jina ni la kweli. Angeandika "mbwa wa kale mwenye hekima" lingekufa pale pale.

Baada ya mbwa wanakuja watu: mwanamke anayemkosha mtoto wa mtaani mpaka ang'are, mfagiaji anayekanyaga takataka ndani ya toroli ili zishikamane, na katika shairi refu kuliko yote, mama muuza idli. Idli ni kama vitumbua vya mvuke, vya mchele na choroko nyeusi. Anafika na mzigo wake, anatua pale kisiwani, na wote ambao mji haukuwahesabu wanamzunguka wale. Shughuli ikiisha anaondoka, na pale mahali panarudi kuwa kipande cha saruji cha kugeuzia magari. Sijasoma popote asubuhi ya mji mkubwa iliyoandikwa kwa heshima namna hii bila kuomba huruma.

Haya, sasa ugomvi wangu naye. Mfagiaji yule Kolatkar amemwita Meera, na kukanyaga kwake taka anakufananisha na kucheza kwa Mirabai, yule malenga wa karne ya 16 aliyecheza mbele ya Krishna. Ni taswira nzuri mno, na uzuri huo ndio unaonitia wasiwasi. Mtu wa kwenye toroli, harufu puani, miguu ndani ya uchafu, anageuzwa mchezaji wa hekaluni na mtu aliyekaa nyuma ya kioo na kikombe cha chai. Wenye kumtetea watasema ndiyo hoja yenyewe: utukufu umetoka hekaluni ukashukia jaani. Nawasikia. Ila muuza idli naye anapewa karibu cheo cha mungu wa kike, na nikikitafuta kitu kimoja kidogo, yaani idli mbili ni pesa ngapi na nani anakula kwa mkopo, sikioni. Katika Jejuri kuhani alikuwa na tumbo na hesabu. Kala Ghoda maskini wana uzuri mwingi kuliko hesabu. Kwa kipimo changu cha Dadar, kitabu kile cha kwanza ni kikali zaidi, ingawa hiki cha pili ndicho ninachokipenda.

Kuhusu lugha, wale wanaonigombeza kila toleo, "tuandike Kiswahili au Kiingereza?", wamtazame huyu bwana. Aliandika zote mbili maisha yake yote, na kitabu cha Kimarathi, Bhijki Vahi, ndicho kilichopata tuzo ya Sahitya Akademi, mwaka 2005, mwenyewe akiwa kaburini. Wala hakungoja kampuni kubwa. Jejuri ilitolewa na Clearing House, ushirika ulioanzishwa na washairi wanne, yeye akiwa mmoja wao pamoja na Adil Jussawalla, Arvind Krishna Mehrotra na Gieve Patel. Kala Ghoda Poems ilitolewa na Pras, mchapishaji mdogo wa rafiki yake Ashok Shahane. Karatasi yetu hii yenye wino unaochafua vidole ina ndugu zake Mumbai.

Asubuhi zangu za mwisho kule nilizipeleka kusini zaidi, Sassoon Dock, gati iliyofunguliwa mwaka 1875. Ukitoka Kala Ghoda kwa miguu unafika bila hata saa moja kwisha. Taa bado zinawaka, mashua zimebanana, na wanawake wa Kikoli, ukoo wa wavuvi ambao mungu wao Mumba ndiye aliyeupa mji jina, wanagombea bei ya samaki kwa sauti inayokata kelele za injini. Pembeni wanawake wengine wamechuchumaa wakimenya kamba, vidole vimesinyaa kwa barafu, malipo kwa kadiri ya walichomenya. Mmoja wao aliniona na daftari. Akanitazama juu mpaka chini, akasema neno kwa Kimarathi, wenzake wote wakaangua kicheko, kisha akasukuma beseni lake kando ya mguu wangu ili nisogee, kwani nilikuwa nimesimama kwenye mwanga wake.